Kilio cha Kiingereza cha Abu Talal

Simu ya Madam Nawal ilinikuta nikigeuza chapati. Nina hoteli yangu ndogo hapa Kitale, na saa za chakula cha mchana sipokei simu ya mtu, awe hata mchungaji. Lakini namba ilikuwa ya Saudia, na mkono wangu wenye unga uliichukua kabla kichwa hakijaamua. Hakunijulia hali. Alisema, kwa kile Kiarabu cha jikoni alichonifundisha mwenyewe, "Jentri, Baba halas. Jana baada ya Adhuhuri. Tulimzika Alasiri ile ile." Nikasema pole kwa Kiarabu, nikasema pole kwa Kiswahili, na nusura niseme kwa Kibukusu. Nyuma yake nilisikia wanawake wengi wakizungumza chini chini na vikombe vya kahawa vikigongana. Kisha akasema ana jambo moja la kuniomba, nami nikamwachia mpishi mwenzangu kaango na kutoka nje kwa mlango wa nyuma. Nitasema aliniomba nini, ila si sasa hivi. Uzito wake hauonekani bila kuujua mwaka wangu wa kwanza Riyadh, na chumba cha yule mzee, na namna alivyokuwa akilia.

Watu wakisikia nilifanya kazi Saudia hukaa vizuri kwenye viti vyao na kungoja habari za pasi ya moto. Mimi sikuchomwa pasi. Nawajua waliopatwa na hayo, na siwezi kuyafanyia mzaha, lakini yangu ni mengine. Niliajiriwa kumtunza mzee aliyefiwa na mwanawe, katika nyumba ambayo hakuna aliyepaza sauti kumlilia huyo mwana. Hayo tu. Na bado, miaka yote hii, mlango ukisukumwa taratibu baada ya saa tisa mchana, mwili wangu hutulia wenyewe na kusubiri kusikia neno fulani. Wateja hunikuta nimesimama na sahani mkononi, wakafikiri nimesahau meza. Sijasahau meza. Nasubiri.

Chumba chake kilikuwa chini, kati ya jiko na sebule ya wageni wanaume. Kilikuwa na kitanda cha chuma, kabati, zulia jekundu lililoisha mahali anapoweka miguu, na kiti kimoja kikubwa ambacho alikataa katakata kielekezwe dirishani. Kiti kilitazama ukuta mtupu. Siku za mwanzo nilidhani ni uzee, nikakigeuza nilipokuwa nafagia, naye akanisubiri nimalize na kuniamuru nikirudishe. Mutua, dereva wa nyumba ile, Mkamba aliyekaa Riyadh kabla yangu na aliyejua kila kitu cha watu wengine, ndiye aliyenieleza. "Huo ukuta ni upande wa Jeddah, dada. Mzee ni mtu wa Jeddah. Hapa ameletwa tu." Mzee alikuwa karani wa bandari kule Jeddah maisha yake yote, na alikuja Riyadh kwa binti yake, Madam Nawal, kutibiwa mguu. Wakati akiwa hapo na mguu wake umefungwa, mwanawe Talal alipinduka na gari nje ya Jeddah. Kule maiti haingoji wageni. Alizikwa siku hiyo hiyo, na baba yake alipata habari Talal akiwa tayari mchangani. Nilipofika mimi, mwaka ulikuwa haujaisha.

Jina ndilo lililonitia baridi. Waarabu humwita mzazi kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama sisi tunavyosema Baba Wanjala, na wa kwanza wake alikuwa Talal. Kwa hiyo nyumba nzima iliendelea kumwita Abu Talal. Abu Talal, dawa. Abu Talal, kuna mgeni. Abu Talal, chakula kinapoa. Walimtaja marehemu kutwa nzima bila kumtaja, na mzee kila alipoitwa alitazama mlango kwanza, ndipo akaitika. Sikuweza kuzoea ule mtazamo wa mlango. Mimi nilimwita Baba, kwa sababu madam na mumewe, yaani bosi, mara nyingine walimwita hivyo pia, na nadhani ndiyo sababu alinipenda mapema. Kwangu mimi hakuwa na haja ya kutazama mlango.

Siku niliyolisikia mara ya kwanza neno lile ninalolisubiri, watoto walikuwa shuleni, madam amelala usingizi wa mchana, na bosi yuko Al-Sulay kwenye ghala lake la vipuri. Nilikuwa nimebeba chai ya mnanaa na sahani ya tende. Nikausukuma mlango kwa bega, naye hakunisikia. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti, akauambia ukuta, kwa Kiingereza kilichonyooka kama cha redio ya zamani: "Alas." Akapumzika. "Alas, my boy. Woe is me."

Nilisimama pale na sinia. Maneno hayo niliyajua. Mwalimu wetu wa Kiingereza kidato cha tatu alitufanya tuigize mambo ya wafalme, na kila mfalme akiuawa kulikuwa na mtu wa kusema *alas*, ole, na kushika paji la uso. Tulikuwa tunacheka mpaka anatutoa nje. Msichana akiangusha kalamu, *alas*. Ugali ukiungua jikoni mwa shule, *alas*. Lilikuwa neno la mchezo. Sikuwahi kufikiri kuna mtu wa damu na nyama anayelitumia kwa shida yake mwenyewe, na kwamba likitoka kwa mtu kama huyo halichekeshi hata kidogo.

Kilichofuata ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Kwetu mtu akipiga nduru ya msiba huitikiwa. Yeye anaanzisha tu. Wa jirani anaacha jembe, anaidaka ile sauti na kuipandisha, na wa ng'ambo ya mto anaidaka kwake, hadi kijiji kizima kinajua nani amelala. Kumwacha mtu alie peke yake ni kumwambia kwamba msiba ni wa kwake na wewe haukuhusu. Hilo halifanyiki hata kwa adui. Kwa hiyo mdomo wangu haukuniuliza. Niliweka sinia chini na kusema, "Alas, Baba."

Aligeuka kama aliyekutwa hajavaa nguo. Alinitazama muda mrefu, halafu akasema kwa Kiarabu, "Toka." Nikatoka. Siku ile hakunywa chai yangu, na kesho yake hakunywa, na nilianza kukunja nguo zangu kichwani, nikijiona nimerudishwa ofisi iliyonileta na kukabidhiwa mwajiri mwingine, kafili kama wanavyomwita. Mutua aliponiuliza nimefanya nini, nilimwambia. Alishika usukani wa gari lililozimwa akacheka. "Wewe umejibu kilio cha Mwarabu kwa Kiingereza? Sasa nani amekutuma, dada yangu?"

Hakuna aliyenituma. Siku iliyofuata nilipeleka chai tena, kwa sababu ndiyo kazi iliyonileta. Mzee alikuwa amekaa vile vile. Safari hii alinisikia, nina hakika, maana kichwa kilisogea kidogo. Akauambia ukuta, "Alas." Kisha akasubiri. Nilielewa kwamba anasubiri kwa jinsi mgongo wake ulivyokaa. Nikasema, taratibu, "Alas, Baba." Akashusha pumzi ndefu, akanyoosha mkono kuchukua glasi. Tangu siku hiyo hatukukosa, ila Ijumaa, ambayo nyumba hujaa wageni.

Sababu ya kulia kwa Kiingereza alinieleza mwenyewe baadaye, huku nikimkanda mguu kwa mafuta. Alizungumza nami Kiingereza, na akaniita Miss Jentrix, mimi ambaye kwingine kote nilikuwa Jentri au "wewe, njoo". Alisema msiba ulipofika alisema Alhamdulillah, kama inavyompasa Mwislamu, na alimaanisha. "Mungu alinipa, Mungu amechukua. Sina neno na Mungu. Machozi hayakatazwi. Ila kupiga makelele, kujilaani, kusema ole wangu, hilo si letu. Nikilisema kwa Kiarabu, mkwe wangu atasikia, jirani atasikia, nami nitajisikia, na itakuwa kama nimeugombeza mpango wa Mungu." Nikauliza, na kwa Kiingereza je? Akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Kiingereza kilikuwa cha kazini. Nilikitumia kwa shehena iliyoharibika." Alikuwa amekisoma usiku, ujana wake, kwa mwalimu wa Kisudani aliyekuwa na vitabu vikongwe tu, na akakipeleka bandarini jinsi kilivyo. Meli ikiingia na magunia ya sukari yamelowa, alimpandia nahodha melini na kumwambia kwa heshima zote, "Alas, sir, the sugar is wet." Manahodha walicheka mpaka wakashika vyuma. Hakuelewa wanacheka nini. Hakuwa na neno jingine la hasara.

Nikamwambia kwetu hata sukari ikilowa tunapiga nduru. Akataka kujua nduru ni nini. Nikamweleza habari za kuitikia, na jinsi binti aliyekuwa mbali anavyoanza kulia tangu langoni, hata kama mzazi amezikwa zamani, maana kilio cha binti huanzia langoni na asipokitoa hapo hukaa naye. Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeelezwa njia. "Kwa hiyo uliponijibu siku ile," alisema, "hukuwa unanidhihaki." Nikasema, "Hapana, Baba. Nilikuwa nimekuja msibani."

Sitaki ionekane tulikuwa watu wa majonzi tu. Alikuwa mkali kuhusu neno lake. Siku moja maziwa yalifurika jikoni nami nikasema *alas* kwa sauti, bila kufikiri, na fimbo ikagonga ukuta upande wa pili. Nilimkuta amefura. "Hilo neno si la maziwa!" Nikamkumbusha sukari. Akafikiri, akasema sukari ilikuwa ya meli nzima. Madam alikuja kuuliza kelele za nini, na sisi wawili tukatazama zulia. Mutua alinisikia nikizoea Kiingereza hicho na kunitania kila aliponiona. "Siku hizi unaongea kama askofu wa wakoloni," alisema. "Utarudi Kenya watu wakuombe baraka." Hata yeye, lakini, alipoenda mtaa wa Manfuha siku yake ya mapumziko na kukuta rafiki yake wa zamani ameshikwa kwa kukosa ikama, kibali cha ukaazi, alirudi, akakaa kwenye ngazi za nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Alas, dada," bila kucheka. Nikamwitikia.

Kisha mama yangu akafa. Nilikuwa nikipiga pasi kanzu za bosi kwenye chumba cha juu ya paa, ndugu yangu akapiga simu na kusema mambo mengine kwanza, na kwa jinsi alivyosema mambo mengine nikajua. Nilizima pasi. Nilikunja kanzu niliyokuwa nayo mkononi, nikaikunja tena. Ningeweza kupiga nduru pale juu ya paa na mtaa mzima wa watu wasionijua ungefungua madirisha. Nani angeitikia? Nilishuka. Madam aliponiona usoni akajua, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe cha jikoni na kunipa chai yenye hiliki, akasema leo hakuna kazi. Halafu akaniambia kwa upole, "Usipige kelele, Jentri. Watoto wataogopa. Sema Alhamdulillah, moyo utapoa." Hakuwa mkatili. Alinipa alichokuwa nacho. Nilimtii, kwa sababu hata nisingemtii sauti isingetoka.

Saa za chai zilipofika nilipeleka chai, ingawa nilikuwa nimepumzishwa kazi siku ile. Baba alikuwa amekwisha kusikia. Kwa mara ya kwanza kiti chake hakikutazama ukuta. Alikuwa amekivuta mwenyewe, na mguu ule mbovu, mpaka kimetazama mlango. Alisimama. Nilimwona akisimama bila msaada mara chache sana. Akasema, kwangu mimi, "Alas, Miss Jentrix. Alas, your mother. Woe is us." Akasubiri nimwitikie. Nikafungua mdomo na hakukuwa na kitu. Alisubiri hadi miguu ilipoanza kutetemeka nikamkalisha, naye akanishika kifundo cha mkono akasema, "Mafi mushkila, hakuna shida. Si lazima leo." Lakini haikutoka kesho, wala wiki ile, wala mwezi ule. Alisema lake, nami nikawa naitikia lake, ila la mama yangu nilipojaribu kulianzisha lilikwama mahali pale pale. Nilianza kumwona mama. Sisemi mzimu. Namaanisha nikiwa naosha vyombo nilijua yuko nyuma yangu, amesimama kama mgeni aliyefika asikaribishwe, na nikigeuka ni friji.

Wakati huo Baba alikuwa anaomba jambo moja tu katika nyumba ile: apelekwe Jeddah, kwenye kaburi la Talal. Hakutaka nguo wala daktari mpya. Nilikuwa jikoni, na kidirisha cha kupitishia vyakula kiko wazi, nilipomsikia bosi akizungumza na madam sebuleni. Bosi alisema moyo wa mzee hauna nguvu. Alisema pia kwamba amemsikia zaidi ya mara moja, kupitia mlangoni, akipayuka kwa Kiingereza, na kama huko ni kuomboleza, basi akifika makaburini atapayuka mbele ya watu, na itakuwa aibu na dhambi na pengine mauti. "Nitajuaje anasema nini?" alisema bosi. "Mimi si mtu wa Kiingereza." Madam akasema, "Nitamuuliza Jentri. Yeye anakijua."

Alikuja. Alisimama karibu na jiko, mahali nilipokuwa nakaangia kitunguu cha wali wa samaki, chakula cha Jeddah ambacho Baba alinifundisha kukipika kwa kukitia kasoro kila mara. Akauliza wazi, "Baba anasema nini kwa Kiingereza mchana?" Nilijua kilichokuwa mezani. Nikisema kweli, mzee atakufa akitazama ukuta. Kitunguu kilikuwa kinakaribia kuungua, na madam hakuniambia nikitoe. Nikasema, "Anakumbuka kazi ya bandarini, madam. Anahesabu sukari." Alinitazama. Nilidhani amenishika. Akasema, "Sukari," akaweka mfuniko kwenye sufuria moja ambayo haikuhitaji mfuniko, akatoka. Siku chache baadaye bosi alitangaza kwamba tunakwenda Jeddah, familia yote, nami pia, kwa ajili ya dawa za Baba.

Jeddah ilinipiga na joto la maji usoni nilipofungua mlango wa gari. Baba alivuta hewa ile kwa pua kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Tulifikia kwa shangazi yake madam, na asubuhi yake, wanawake wakabaki na shangazi, bosi akampeleka Baba makaburini, Mutua akiendesha, mimi nyuma na mkoba wa dawa. Wanawake hawaingii kule, na Mutua alikuwa Mkristo kama mimi, kwa hiyo tulibaki nje kwenye gari na kutazama bosi akikisukuma kiti cha magurudumu langoni. Hawakukaa sana. Baba alirudi na uso ule ule aliokwenda nao. Bosi alishuka njiani kwenye shughuli zake na kumwambia Mutua ampeleke mzee moja kwa moja nyumbani. Alipotokomea, Baba alisema, akitazama mikono yake, "Makaburi yetu hayaandikwi majina. Mkwe wangu alinionyesha jiwe. Nikatoa salamu kwa jiwe. Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote ameshika kiti, Miss Jentrix. Sikuweza." Kisha akamwambia Mutua, "Bandarini."

Mutua hakuuliza. Nilishangaa hakuuliza, yeye ambaye huuliza hata bei ya kitu asichonunua. Aliendesha mpaka nje ya lango kubwa la bandari, mahali malori ya makontena yanapopanga foleni na winchi zinaonekana juu ya ukuta, akaegesha pembeni. Tulimtoa Baba na kumweka kwenye kiti chake, akitazama lango. Alisema Talal akiwa mdogo alikuwa akimngoja hapo jioni, ameshika kofia ya baba yake. Malori yalikuwa yananguruma. Ndani, meli ikapiga honi, ile honi nzito inayotikisa tumbo, na Baba akainua uso na kulia. Hakuwa anauambia ukuta tena. Alitoa sauti yote. "Alas! Alas, my boy! Alas, Talal!" Alilitaja jina mwenyewe, mara ya kwanza nimsikie, na hakutazama mlango wowote.

Nikafungua mdomo nimwitikie. Nilikuwa nimekusudia neno lake. Kilichotoka ni nduru. Ilitoka ya kwetu, ya tumboni, ile ya binti aliyefika langoni akakuta mama hayupo, na nilimwita mama yangu kwa jina lake la ubatizo na la ukoo, nikiwa nimeshika chuma cha kiti cha mzee wa Kiarabu nisianguke. Baba alinyamaza kunisikiliza. Kisha akaidaka. Nilisema kwamba kwetu anayesikia huidaka ile sauti, na yeye aliidaka, mzee yule, kwa Kiingereza chake cha sukari, "Alas, her mother! Alas!" na tukaenda hivyo, huyu akianzisha, huyu akiitikia, mpaka hatukujua tena analiliwa nani. Askari wa lango alianza kuja. Mutua akamwendea mbio na kusimama katikati, nikamsikia akisema, "Mafi mushkila, mafi mushkila, baba taaban," na yeye mwenyewe machozi yanamshuka kwenye mashavu. Askari alitutazama. Akageuza mgongo, akawa anaongoza malori.

Mama hakusimama tena nyuma yangu jikoni. Anayesimama nyuma yangu sasa ni Baba, na sijui kama kusema hivyo ni vizuri. Mkataba wangu ulipoisha nilirudi nyumbani, na shangazi zangu walikuwa wamejipanga langoni wakingoja kuniitikia. Nilipita lango kimya. Wameudhika mpaka leo. Mmoja aliniuliza, mimi ni binti gani nisiyemlilia mamangu? Nikamwambia nilishamlilia langoni. "Lango gani?" akauliza.

Basi, simu. Nimesimama nyuma ya hoteli yangu, mkono mmoja una unga, na madam yuko upande wa pili. Akasema, "Jentri, lile neno la Baba. Nyumba imejaa watu. Wananiambia nishukuru, na ninashukuru, wallahi ninashukuru. Mimi siwezi. Liseme wewe."

Nikajifanya sielewi. Tabia ya zamani haifi. Nikasema, "Neno lipi, madam?"

"Unadhani ni nani alinifundisha Kiingereza?" alisema. Hakusema kwa Kiarabu. Alisema kwa Kiingereza, chenye lafudhi ile ile ya redio ya zamani, na ilikuwa ni sauti yake Baba kwenye koo la mwanamke. "Nilikuwa namsikia kila siku. Nilikuwa silali mchana, Jentri. Nilijilaza karibu na chumba chake ili niwasikie. Nilipokuuliza jikoni, nilitaka kujua kama Baba ana mtu. Ukaniambia sukari." Akavuta pumzi. "Na Mutua nilimwambia mimi. Popote Baba atakaposema simama, usikatae."

Miaka yote hiyo nimejiona mjanja wa kitunguu. Nikafikiria yule mwanamke amelala macho nyuma ya mlango wake, kaka yake amekufa, anatusikiliza sisi wawili tukilia kilio chake, na yeye hana wa kumwitikia. Kwenye hoteli mteja alikuwa anaita chai. Nilimtazama paka aliyekaa juu ya tangi la maji, nikajaza kifua, na nikalisema kwa sauti yote, mpaka kuku wa jirani wakatawanyika, mpaka mpishi akatoka mlangoni na mwiko.

"Alas, Abu Talal! Alas, Baba!"

Kule Riyadh wanawake waliendelea kuzungumza chini chini, na vikombe vikagongana. Nilisubiri. Kisha, karibu kabisa na simu, kwa sauti ya mtu aliyefunika mdomo kwa ushungi, Madam Nawal akaitikia.